Programu za Kompyuta: Bure Mbali, Huru Mbali

Lugha yetu ya Kiswahili ina bahati ambayo wenyewe aghalabu hatuihesabu. Kitu kisichotozwa pesa tunakiita cha bure, na kitu kisichofungwa na mwingine tunakiita huru. Ni maneno mawili, kila moja na mahali pake, na hata mtoto mdogo hayachanganyi. Mfungwa gerezani hula na kulala bure, lakini hakuna anayemwita huru. Na mwenye duka ni mtu huru, lakini bidhaa zake si za bure. Waingereza, pamoja na utajiri wote wa lugha yao, mambo haya mawili wameyapa neno moja. Kwa sababu hiyo watu walioanzisha fikra ninayotaka kuizungumza leo wamekuwa wakifafanua maana yao kwa zaidi ya miaka 40, na bado hawajamaliza.

Fikra yenyewe ni ya programu huria za kompyuta. Najua yupo msomaji atakayeuliza: mambo ya kompyuta yameingiaje katika ukurasa wa utamaduni? Si kazi ya mafundi hiyo? Jawabu langu ni kwamba siku hizi tenzi zetu, mashairi yetu, kanda za taarabu, kamusi na hata barua za ukoo zimo ndani ya kompyuta. Mwenye shehena hana budi kujua habari za chombo kilichoibeba: ni cha nani, nahodha ni nani, na nani mwenye amri ya kusema leo chombo kinang'oa nanga na kesho hakiendi. Maadamu shehena ni yetu, maswali haya yanatuhusu.

Mimi mwenyewe nilihama mwaka 2025. Sikuhama mtaa wala mji. Nilihama mfumo wa kompyuta, nikatoka Windows nikaingia Linux. Wengi walikuwa wakilifikiria jambo hilo mwaka huo, na sababu yake inajulikana. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotolewa mwaka 2015. Mfumo uliofuata, Windows 11, uliotoka Oktoba 2021, hautaki kompyuta yoyote tu. Unataka iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa ziwe za miaka ya karibu. Za Intel, kwa jumla, ni zile za kizazi cha nane na kuendelea. Watumiaji wa nyumbani walipewa njia ya kupata marekebisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi 13 Oktoba 2026.

Sisemi kwamba kampuni imekosa. Mwenye mali ndiye mwenye kauli, na programu ile ni mali yake. Sisi tuliokuwa tukiitumia tulipewa ruhusa ya kuitumia tu. Hapo ndipo penye funzo. Kompyuta ni yako, umeinunua kwa jasho lako, kioo kinawaka na vitufe vinabonyezeka, lakini roho yake iko mikononi mwa mtu mwingine. Wazee wetu walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Walikuwa hawajaiona kompyuta, lakini tabia ya utegemezi walikuwa wakiijua vizuri.

Sasa, hii Linux ni kitu gani? Mwezi wa Septemba 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa. Akauita GNU. Mwaka 1985 akaanzisha taasisi ya kuusimamia, na mwaka 1989 ikatoka leseni yake mashuhuri. Lakini mfumo ulikosa kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vyuma vyenyewe. Kiini hicho kilitoka upande mwingine wa dunia. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika kiini chake, na mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni ya GNU. Kiini hicho ndicho Linux. Leo hii kimo ndani ya kila simu ya Android, na ndani ya mashine nyingi zinazoendesha intaneti. Kwa hivyo msomaji anayesema hajawahi kuigusa Linux, kama ana simu ya Android mfukoni, anaigusa kila siku.

Uhuru unaozungumzwa hapa ni wa namna nne. Wa kwanza ni kuiendesha programu kwa kazi yoyote uitakayo. Wa pili ni kuichungulia ndani uone inavyofanya kazi na kuibadilisha ikufae. Wa tatu ni kumpa mwenzio nakala. Wa nne ni kuwapa watu nakala ya ile uliyoibadilisha, ili na wao wanufaike. Pesa hazikutajwa. Mtu anaweza kuuza programu huria, na anaweza kulipwa kwa kuitengeneza na kuifundisha. Nyingi hupatikana bila malipo kwa sababu mtu akiruhusiwa kuigawa, huwezi kumzuia mwenzake asiipate bure. Ubure ni matunda. Uhuru ndio mti.

Kwetu sisi watu wa pwani fikra hii haina ugeni mkubwa. Tunakijua kisima cha wakfu. Mtu alichimba kisima, akakiweka wakfu, na tangu hapo hakiuzwi wala hakirithiwi. Ajaye na ndoo yake huchota, na sharti la aliyekitoa hubaki hata yeye mwenyewe akiondoka duniani. Leseni ya GNU ina sharti linalokaribia hilo: anayeichukua programu, akaibadilisha, kisha akaitoa kwa watu, sharti awape haki zile zile alizopewa yeye. Hawezi kukiziba kisima akaanza kuuza maji ya mabomba. Mfano huu haufanani kwa kila jambo, kwani mtunzi wa programu hubaki na haki yake ya utunzi, na ni haki hiyo hiyo anayoitumia kuweka sharti. Tena ziko leseni huria nyingine zisizoweka sharti hilo. Lakini kwa msomaji anayetaka kuelewa haraka, kisima kinatosha.

Nije kwenye kazi yenyewe ya kutafuta. Watu wengi wakihama huuliza: programu gani ni sawasawa na ile niliyoizoea? Mimi naona swali hilo limekaa upande. Aliyehamia nyumba mpya hatafuti ukuta unaofanana na ule wa zamani. Hutafuta jiko liko wapi na maji yako wapi. Nilichukua karatasi nikaandika kazi ninazozifanya kwa kompyuta, na wala si majina ya programu. Kazi zenyewe zilikuwa hizi: kuandika makala na barua; kupiga hesabu za chama chetu cha mtaani; kusafisha picha za hati za zamani; kuhamisha sauti kutoka kanda za kaseti; kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu; na kusoma barua na habari kwenye intaneti. Kazi sita. Kila moja nikaitafutia chombo chake.

Mahali pa kuzitafuta si pagumu. Kila tawi la Linux lina ghala lake la programu, ambamo watu waaminifu wameshazikagua na kuzipanga. Ghala la Debian, tawi lililoanzishwa mwaka 1993, lina vifurushi zaidi ya 60,000. Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004, ilijengwa juu ya Debian, na Linux Mint, iliyotoka mwaka 2006, ikajengwa juu ya Ubuntu. Jina lenyewe Ubuntu ni la Kibantu, ni ule utu wetu. Mtu hufungua dirisha la ghala, akaandika anachokitaka, akabonyeza, na programu ikaja. Hakuna kuzunguka kwenye mitaa ya intaneti isiyojulikana, ukapakua kitu kumbe kimefichwa mdudu ndani yake. Anayetoka Windows, ushauri wangu ni aanze na Mint, kwani sura yake haiko mbali na alivyozoea, na haihitaji mashine yenye nguvu nyingi: kumbukumbu ya gigabaiti 2 ndicho kiasi cha chini kabisa, ingawa 4 zinafaa zaidi.

Katika kuandika, jawabu ni LibreOffice, nayo ina historia inayostahili kusimuliwa. Mizizi yake ni programu ya Kijerumani iliyoitwa StarOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Sun ya Marekani iliinunua, na mwaka 2000 ikaufungua msimbo wake kwa umma kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2010 Sun ikanunuliwa na Oracle. Wale waliokuwa wakiitengeneza waliingiwa na wasiwasi juu ya mustakabali wake, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo wakachukua msimbo, wakaunda taasisi yao wenyewe na kuendelea na kazi kwa jina la LibreOffice. Hebu litazame jambo hili vizuri. Kampuni zilibadilisha mikono mara mbili, lakini programu haikufa wala watumiaji hawakutupwa, kwa sababu haki ya kuendelea na kazi ilikuwa mikononi mwa watu. Lau ingekuwa programu iliyofungwa, wangebaki kuomba na kungoja.

Faida nyingine ya LibreOffice ni ile namna yake ya kuhifadhi maandishi. Namna hiyo iliandikwa wazi, ikakubaliwa na shirika la viwango la kimataifa, ISO, mwaka 2006. Yeyote anaweza kuusoma mpangilio wake na kuandika programu ya kuufungua, hata baada ya miaka 100. Zaidi ya hayo, wataalamu waliojumuika mwaka 2014 katika mradi wa kuyafungua maandishi yaliyofungwa wameiwezesha LibreOffice kusoma faili za programu zilizokwisha kufa. Ninazo faili nilizoziandika zamani kwa Microsoft Works, programu ambayo haitengenezwi tena. Zilifunguka. Vivyo hivyo, hata faili za PageMaker, ambayo wachapaji wengi waliitumia kupanga kurasa za vitabu, zinaweza kufunguliwa, japo mpangilio huenda usitoke sawasawa na ulivyokuwa. Mwenye disketi au diski za miswada ya zamani, na afanye haraka kuzihamisha kabla vyombo havijaliwa na chumvi ya pwani.

Kuna hila ndogo ambayo mgeni wa Linux lazima aijue. Akipelekewa barua iliyoandikwa kwa Times New Roman au Arial, na fonti hizo hazimo katika mashine yake, mistari inaweza kuvunjika pasipostahili na kurasa zikaongezeka. Dawa ni fonti za Liberation, zilizotolewa mwaka 2007, ambazo upana wa kila herufi yake ni sawa na wa zile mbili. Umbo la herufi linatofautiana kidogo, lakini mistari hukatika pale pale. Aghalabu zinakuja pamoja na mfumo.

Kazi ya sauti nimeifanya kwa Audacity, programu iliyotoka mwaka 2000, iliyoanzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika chuo cha Carnegie Mellon. Unachukua redio ya kaseti, unaiunganisha na kompyuta kwa waya, unacheza kanda na programu inarekodi. Kanda za zamani zina ule mvumo wa shhh usiokoma. Unachagua mahali ambapo mwimbaji hajaanza, panaposikika mvumo peke yake, ukaiambia programu: sauti hii siitaki. Kisha unachagua kanda nzima, nayo inaupunguza mvumo huo kila mahali. Lakini usifanye pupa. Ukiupunguza kupita kiasi, udi na fidla zinatoka kama zinapigwa ndani ya mtungi. Tena hifadhi ile nakala ya kwanza isiyoguswa, kwa kuwa wajukuu huenda wakawa na vyombo bora kuliko vyetu. Fikiri, msomaji: ni nyumba ngapi za Lamu, Mombasa na Malindi zenye makasha ya kanda za harusi, sauti za waimbaji waliokwisha kutangulia mbele ya haki, na kila mwaka utepe unazidi kuharibika?

Katika picha nimetumia GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley na kutolewa kwa umma mwaka 1996. Kazi yangu ni kuzipa mwanga picha za karatasi zilizofifia ili maandishi yasomeke, na kwa hilo inatosha na kubakiza. Anayechora nembo na mabango atumie Inkscape. Anayetaka michoro inayotembea kama ya sinema atumie Blender, ambayo kisa chake kinatufundisha sisi Wakenya kwamba harambee si yetu peke yetu. Kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ilipofunga kazi mwaka 2002, mtengenezaji wake Ton Roosendaal, wa Uholanzi, aliafikiana na waliotia fedha zao kwamba msimbo utakombolewa kwa yuro 100,000. Watu wa kila pembe wakachanga, na kwa muda wa wiki saba pesa zikatimia. Programu ikawekwa chini ya leseni ya GNU, na mpaka leo iko hai na inatengenezewa filamu.

Nimeacha kwa makusudi kazi iliyo karibu zaidi na moyo wangu, nayo ni hati ya Kiarabu. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, na utenzi alioutunga Mwana Kupona mwaka 1858 kumuusia bintiye, yalisafiri kwa hati hiyo kabla hayajaandikwa kwa hati ya Kilatini. Shida ya wachapaji ilikuwa kwamba Kiarabu hakina herufi za sauti zetu za p, ch na v, na kila mwandishi alikata shauri lake. Mwalimu Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walilitazama jambo hili na kutoa mapendekezo ya utaratibu mmoja mwaka 1997. Kwa upande wa kompyuta, mtaalamu Kevin Donnelly ameandika zana huria ziitwazo Andika! za kuandikia Kiswahili kwa hati ya Kiarabu na kukigeuza kutoka hati moja hadi nyingine. Halafu iko fonti ya Amiri ya Khaled Hosny, Mmisri, ambaye ameyafufua maumbo ya herufi za chapa mashuhuri ya Bulaq mjini Cairo. Ni ya huria vile vile. Katika LibreOffice unaingia kwenye mipangilio ya lugha, unaruhusu maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto, unachagua Amiri, na ukurasa unajaa hati ambayo babu zetu wangeisoma bila ya kuvaa miwani mara mbili.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila kitu ni asali. Baadhi ya programu za biashara hazina toleo la Linux. Mpangaji wa magazeti aliyezoea InDesign, au mpiga picha anayekula kwa Photoshop, hatafurahi, kwani hizo haziingii Linux kwa njia ya kawaida, na Scribus na GIMP, pamoja na uzuri wake, zina mazoea mengine. Ziko printa ambazo watengenezaji wake hawakutoa kiendeshi cha Linux, na ziko programu za hesabu za ofisi zinazotaka Windows tu. Mtu wa namna hiyo asihame kwa kufuata mkumbo. Kwa bahati njema Linux inajaribiwa kabla ya kuoana nayo. Unaiandika kwenye flashi ya gigabaiti 8, unaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, ukatembea ndani yake na kuzijaribu printa, sauti na mtandao, na diski yako haijaguswa. Ukiridhika, weka nakala ya vitu vyako vyote mahali pengine, ndipo uihamishie ndani. Mwenda pole hajikwai.

Tena programu nyingi kati ya nilizozitaja zinafanya kazi ndani ya Windows pia. Kwa hivyo njia ya busara ni kuhama programu kwanza na mfumo baadaye. Tumia LibreOffice, Firefox, VLC na Audacity pale pale ulipo kwa miezi kadhaa. Siku ukihama mfumo utawakuta jirani zako wa zamani wote wamekutangulia.

Baada ya hayo, nina neno kuhusu zile nakala za wizi. Sote tunajua zinavyouzwa na kugawanywa, programu ya maelfu ya shilingi ikitolewa kwa bei ya chai na mahamri. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta kuwa ni kazi za utunzi zenye kulindwa, kama vile kitabu au shairi. Sisi wenyewe hulalamika nyimbo za waimbaji wetu zikinakiliwa barabarani bila ya wenyewe kupata hata senti. Basi haki tunayoidai kwa malenga wetu tuwape na watunzi wa programu. Aliyesema kazi yake inauzwa, ama tumlipe ama tumwachie. Zamani mtu aliweza kutoa udhuru kwamba hana pesa na hana njia nyingine. Leo njia nyingine ipo.

Mwisho nije kwenye lugha. Mwezi wa Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi iliyosema Kiswahili kuanzia juu hadi chini. Hawakuomba ruhusa ya kampuni yoyote. Msimbo ulikuwa wazi, uhuru wa kuubadilisha ulikuwapo, na lugha ilikuwa yao. Walilazimika kukaa na kuamua kila neno litaitwaje, na kazi ya namna hiyo ni ya utamaduni hasa. Ndiyo ile ile waliyoifanya watunga kamusi.

Lakini kisima kisichosafishwa hujaa majani. Programu hubadilika kila mwaka, maneno mapya huongezeka, na tafsiri isiyofuatwa hubaki nyuma. Uko mfano mwingine ulio karibu na wasomaji wa ukurasa huu. Mwaka 2007 lilianza tawi la Ubuntu lililotengenezwa kwa ajili ya Waislamu, baadaye likaitwa Sabily, likiwa na nyakati za sala na programu za kusomea Kurani ndani yake. Lilipendwa, lakini waliolishughulikia walikuwa wachache, na baada ya miaka michache likasimama. Hakuna aliyelipiga marufuku wala kulinunua. Lilikosa mikono tu. Uhuru unampa mtu haki ya kuendelea na kazi. Haumfanyii kazi yenyewe.

Ndiyo maana maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwa pande mbili. Kwa wazee wa vyama, wakuu wa madrasa, na wenye kutunza maktaba na makasha ya hati: msikubali urithi wa lugha yetu uhifadhiwe katika faili ambazo mlango wake una ufunguo mmoja, na ufunguo huo uko mfukoni mwa mtu mwingine. Wekeni katika namna zilizo wazi. Pesa ambazo zingekwenda kununua leseni, mpeni kijana wa hapa hapa awafundishe watu na kuziangalia mashine. Zitazunguka mtaani na ujuzi utabaki nyumbani.

Na kwa vijana wetu wanaosomea kompyuta katika vyuo vya Mombasa na kwingineko: kati yenu wapo waliokulia kwenye Kimvita, Kiamu na Kipate, wanaoijua lugha kwa ndani kuliko mfasiri yeyote wa mbali. LibreOffice na Firefox zinatafsiriwa na watu wa kujitolea, na mlango wa kuingia haubishwi hodi kwa cheti. Maneno kumi kwa siku si mengi. Baada ya mwaka mmoja ni zaidi ya 3,600, na haba na haba hujaza kibaba. Tusipoyachagua sisi maneno ambayo watoto wetu watayakuta kwenye kioo cha kompyuta, watachaguliwa na watu wasiojua tofauti ya bure na huru.